SAFARI YA WAWILI: Tulishuka kwanza, ndipo tukapanda

Kwenye ukurasa huu nimezoea kuwaambia wenzangu jinsi ya kuishi na wenza wao. Ongeeni, nasema. Msifichane, nasema. Mwezi huu naomba nigeuze kibao kidogo, maana anayestahili kuambiwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kazini walinipeleka Lima, mji mkuu wa Peru, kwenye mafunzo ya wiki moja. Peru sio karibu jamani! Kutoka Dar unabadilisha ndege mpaka unasahau leo ni siku gani. Mume wangu akasema, "Mama, kama ofisi imekulipia tiketi yako, mimi nalipa yangu nakufuata. Si hatujawahi kwenda fungate?" Kweli bwana. Tumeoana miaka minne, na fungate yetu ilikuwa siku mbili Bagamoyo, ya tatu tukaitwa msibani. Tukapanga kwamba mafunzo yakiisha, siku kumi zinazobaki ni za kwetu wawili.

Alichokuwa hajui ni kwamba wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nimepewa cheo kipya. Kituo cha kazi Nairobi, mkataba wa miaka miwili. Na nilishasaini! Barua ilikuwa kwenye simu yangu, jina langu chini yake. Nilijiambia nitamwambia tukiwa mahali pazuri, ametulia, hana foleni ya Mwenge kichwani. Kuna mahali pazuri kama milimani? Ndivyo nilivyojidanganya.

Mji usiofikika kwa gari

Ukitaja Peru, watu wengi wanajua Machu Picchu tu. Na mie nilidhani ndiko tunakokwenda: treni, basi mpaka mlangoni, picha za kutosha, tumemaliza. Kumbe mwenzangu, ambaye akitaka kununua hata pasi lazima achunguze wiki nzima, alishapata kitu kingine. Kuna mji mwingine wa Wainka unaitwa Choquequirao. Treni haifiki, gari halifiki. Ni miguu yako au nyumbu.

Jina lenyewe ni la Kikechua, lugha ya Wainka ambayo mpaka leo inazungumzwa na mamilioni ya watu kule milimani. Wengi wanalitafsiri kama kitanda cha mtoto kilichotengenezwa kwa dhahabu. Mji ulijengwa karne ya 15, karne ileile ya Machu Picchu, juu ya mgongo wa mlima kwenye kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa bado imefunikwa na msitu.

"Machu Picchu kuna maelfu ya watu kila siku," akaniambia. "Huku tutakuwa peke yetu." Nikasikia hilo neno "peke yetu" nikaona hapohapo ndo pa kusemea. Nikakubali bila hata kuuliza ni kilomita ngapi. Ningeuliza!

Tulianzia Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka. Uko mita 3,400. Kwa mliopanda Kilimanjaro, ni kati ya Mandara na Horombo, sasa fikiria unateremka kwenye ndege moja kwa moja huko. Siku ya kwanza kichwa kiligonga kama kinu. Ukipanda ngazi tano unahema kama umebeba gunia. Hotelini wakatupa chai ya majani ya koka, ndiyo dawa yao ya tangu enzi. Tukapumzika siku mbili, tukazurura taratibu, tukala viazi vya rangi ambazo sijawahi kuziona kwenye kiazi. Mume wangu alikuwa na furaha kama mtoto. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, mara mbili nikaufunga. Nikasema asubiri apone kichwa. Kichwa chake kilishapona zamani.

Kule, ng'ambo

Kutoka Cusco ni kama saa nne kwa gari mpaka kijiji cha Cachora. Hapo tulikutana na mwongozaji wetu, kijana mpole wa pale pale, na mzee mmoja mwenye nyumbu. Si nyumbu wale wa Serengeti, jamani! Ni hawa watoto wa punda na farasi. Wawili walibeba hema, vyakula na mabegi yetu. Mzee alizungumza Kikechua na Kihispania, sisi hatuna hata kimoja, lakini tulielewana kwa kucheka.

Mwanzo njia ilikuwa laini, nikaanza kuwadharau waliosema ni ngumu. Tukafika mahali panaitwa Capuliyoc, ukingo wa bonde la mto Apurímac. Mpenzi msomaji, sijui nikueleze vipi. Unasimama, halafu ardhi inaisha. Chini kabisa kuna uzi mweupe, huo ndio mto. Mbele yako milima yenye theluji. Akapita kondori, yule tumbusi mkubwa wa Andes ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita tatu, akapita chini yetu! Tulikuwa tunamwangalia mgongo.

Mwongozaji akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde, kwenye mgongo wa kijani. "Tunakwenda kule."

"Mbona karibu," nikasema.

Akacheka. Kwa macho ni karibu kweli, na hata urefu wake hautofautiani sana na pale tuliposimama. Ila hakuna njia ya juu. Lazima ushuke karibu mita 1,400 mpaka mtoni, uvuke, halafu upande tena kiasi kama hichohicho. Ni karibu kilomita 30 kutoka Cachora, kwenda tu. Na kurudi ni njia ileile.

Mume wangu akaniambia kuna mipango imezungumzwa kwa miaka mingi ya kujenga gari la waya, ili watu wavuke hilo bonde kwa dakika chache wakiwa wamekaa. Wenyeji wengine wanalitaka kwa ajili ya biashara, wengine wanaogopa mlima utajaa. Mie nikajisemea kimoyomoyo, laiti ningekuwa na gari la waya la kwangu. Nivuke kutoka kwenye ile barua mpaka kwenye msamaha, bila kupita katikati.

Siku hiyo tulishuka mpaka magoti yakaanza kutetemeka yenyewe. Watu wanaogopa kupanda, hawajui kushuka ndiko kunakoua magoti. Njia inakwenda na kurudi, kona kwa kona, vumbi, jua, mikaktasi. Kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, na visubi wanakung'ata hadi juu ya soksi. Mume wangu ana miguu mirefu, akawa anatangulia, kisha ananingoja kwenye kona. Usiku tukapiga hema Chiquisca. Nyota nyingi mno. Akanishika mkono akasema, "Unajua tungekuwa tunafanya hivi kila mwaka?" Nikajifanya nimelala.

Mto unaosema

Asubuhi tukafika mtoni, pahala panaitwa Playa Rosalina. Tulikuwa kwenye mita kama 1,500 hivi. Maji yanaunguruma kiasi kwamba mnaongea kwa kupaza sauti. Mwongozaji akatueleza kwamba haya ni miongoni mwa maji yanayokwenda kuwa mto Amazon, na kwamba jina la Apurímac kwa Kikechua linabeba maneno mawili: *apu*, yaani mkuu au roho ya mlima, na neno la kusema. Mkuu anayesema. Akatuonyesha daraja, akasema la zamani lilisombwa na mafuriko mwaka 2012, ikawa kwa muda watu wanavushwa ndani ya kikapu kinachoning'inia kwenye waya. Wachache wachache, nyumbu wakabaki upande wao.

Sijui ilikuwa ni jina la ule mto, au ni uchovu, au ni kwamba tulikuwa tumeshafika chini kabisa na hakuna tena pa kushuka. Mwongozaji na mzee wakatangulia kuvusha nyumbu. Nikamshika mume wangu mkono. Nikamwambia yote. Ilibidi nipige kelele ili anisikie, maana mto ulikuwa unanizidi. Fikiria unakiri kosa lako kwa kupiga kelele!

Akaniangalia. "Umeombwa au umesaini?"

"Nimesaini."

"Lini?"

"Kabla hujakata tiketi yako."

Hakugomba. Ningependa agombe. Akafunga vizuri kamba ya begi lake, akasema, "Twende, jua litatukuta," akaingia darajani.

Kupanda kule kulichukua karibu siku nzima, na hatukuzungumza. Kona baada ya kona, mlima umekusimamia usoni kama ukuta. Mimi ni wa mwisho, napumzika kila hatua ishirini. Lakini sikiliza jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Kwenye kila kona nilimkuta amesimama ananingoja. Haniangalii, anaangalia bonde. Nikifika ananipa chupa ya maji, nakunywa, anaipokea, anaondoka. Hasira anayo, na maji ananipa. Sijawahi kupewa maji mazito kama yale.

Jioni tukafika Marampata, vijumba vichache vya familia zinazoishi hukohuko juu, wanaowapikia wageni na kuwapa pa kuweka hema. Tukaletewa supu ya moto. Ndipo akasema.

"Ungeniuliza, ningekwambia nenda. Ni cheo chako, umekihangaikia. Sasa hata sijui ningesema nini, kwa sababu hukuniuliza." Akakoroga supu. "Na mama? Ulivyosaini, mama ulimweka wapi?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Mama mkwe anakuja kwetu kila mwezi kwa ajili ya kliniki, na anayempeleka ni mimi, kwa sababu kazi ya mume wangu haina ruhusa za asubuhi. Wallahi sikuwa nimemfikiria. Nilifikiria mshahara, nilifikiria nyumba ya kupanga Nairobi, nilifikiria hata rangi ya makochi. Yule mama anayenifungia mihogo kwenye kanga kila akija, sikumfikiria. Sikuwa na jibu, na safari hii sikutunga.

Llama wa mawe meupe

Kesho yake tuliingia Choquequirao. Tulikuwa wageni wasiofika hata ishirini kwenye mji mzima. Kuna uwanja mkubwa wa majani umezungukwa na nyumba za mawe, milango imepana chini na kusinyaa juu kama Wainka walivyopenda. Kuna mfereji wa maji. Kuna kilima ambacho walikikata kichwa wakakisawazisha kuwa tambarare kabisa, kimezungushiwa mawe, ukisimama hapo kati unaona milima pande zote na mto chini. Haya yote yalifanywa na watu wasiokuwa na chuma wala magari ya magurudumu.

Mwongozaji akatueleza historia. Wahispania waliuteka mji wa Cusco mwaka 1533. Baadhi ya Wainka wakajichimbia kwenye milima ya Vilcabamba, wakaendelea kupigana mpaka mwaka 1572, mtawala wao wa mwisho, Túpac Amaru, alipokamatwa na kuuawa Cusco. Choquequirao uko kwenye mlango wa milima hiyo. Mwaka 1909 alifika Mmarekani mmoja, Hiram Bingham, na alichokiona hapa kilimwongezea hamu ya kutafuta zaidi. Miaka miwili baadaye, 1911, ndipo akafika Machu Picchu na kuitangaza duniani. Huyu ndugu wa kwanza akabaki nyuma, njia ndefu, wageni wachache.

Akatusimulia pia barabara zao, zaidi ya kilomita 30,000 kupita milimani na jangwani, na vijana wakimbiaji waliopokezana habari kituo kwa kituo. Hawakuwa na maandishi kama yetu, kumbukumbu ziliwekwa kwenye kamba zenye mafundo. Mume wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu mtoni. Nikajua anachofikiria. Wenzetu habari ilivuka milima yote hii. Mie imenishinda kuivusha kwenye kitanda cha sita kwa sita.

Kuna sehemu moja iko chini, upande mwingine wa mlima, ambako kwenye kuta za matuta ya kilimo wamepachika mawe meupe yakatengeneza llama, wale wanyama wao wa mizigo. Wako zaidi ya 20, wamepangwa tuta juu ya tuta. Walifukuliwa na watafiti kutoka kwenye msitu miaka ya 2000 tu hapa. Kuwafikia ni ngazi nyingi, kali, za kushuka. Nikatazama magoti yangu nikasema, "Mie siwezi, nenda wewe."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Tushuke tu taratibu. Mimi na wewe kushuka tumeshazoea."

Nikacheka, na machozi yakanitoka palepale. Tukashuka, ameshika mkono wangu, kwa mwendo wa magoti yangu. Tulikaa mbele ya wale llama kwa muda mrefu na tukazungumza kama watu wanaopiga hesabu: kodi, mama, nani anakuja lini, mwaka mmoja au miwili, mtoto tunayemtaka tutampata kwa simu? Hakusema amenisamehe. Aliuliza maswali ambayo nilipaswa kuulizwa kabla sijashika kalamu.

Kurudi, alisema jambo moja tu: "Safari hii tangulia wewe. Mwendo wako ndio mwendo wetu." Tulichelewa sana kufika, na tulifika pamoja.

Kama na nyie mnataka kwenda

* Msimu mzuri ni Mei mpaka Septemba, kipindi cha ukame. Mvua zikianza, njia inateleza na milima inaporomoka.
* Tengeni siku nne au tano kwa matembezi yenyewe, na kabla ya hapo angalau siku mbili Cusco ili mwili uzoee. Kichwa kikizidi kuuma, mkianza kutapika au kuyumba, shukeni chini na mtafute daktari, msione aibu.
* Fanyeni mazoezi ya kushuka, sio kupanda tu. Ngazi za ghorofani zinatosha, kila jioni, mwezi mzima. Fimbo mbili za kutembelea ni rafiki wa magoti.
* Bebeni dawa ya wadudu, kofia, nguo nyepesi za mtoni na nzito za usiku. Siku moja mtapata joto na baridi vyote.
* Chai ya koka kunyweni hukohuko. Majani msiyabebe kurudi nayo nyumbani, mtapata kesi uwanja wa ndege.
* Kodisheni nyumbu na mwongozaji wa pale kijijini. Fedha inabaki kwa wenye mlima. Na masuala ya viza yaanzeni mapema sana.
* La mwisho halipo kwenye kitabu chochote cha watalii: kama una jambo, liseme nyumbani. Mimi nilidhani mahali pazuri patapunguza uchungu. Halikupungua. Nilimharibia mwenzangu siku mbili alizokuwa na furaha, kwa sababu sasa akizikumbuka anajua nilikuwa nimenyamaza.

Nawaandikia haya nikiwa Nairobi. Tulivyorudi Cusco nilimpigia bosi nikamwomba nibaki na mwaka mmoja badala ya miwili. Hakufurahi, akakubali. Wifi yangu ndiye anayempeleka mama kliniki, na mie nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi mama mkwe, nimekaa chini kwenye mkeka. Mume wangu anakuja kwa basi kila mwisho wa mwezi. Kila nikimpigia simu na kusema "nina jambo," anauliza kwanza, "Umeombwa au umesaini?" Siku nyingi anacheka akiuliza hivyo. Siku nyingine hachekki, na siku hizo namsubiri, kama alivyonisubiri kwenye zile kona.

Haya, tukutane mwezi ujao. Na wewe mwenye barua kwenye simu, unasubiri mlima gani?